Kipepeo wa Kidoleni

Shangazi yangu alikuwa anapika pombe ya mahindi nyumbani kwake Kivukoni, na machicha aliyamwaga nyuma ya nyumba. Vipepeo waliyafuata. Walifyonza mpaka wakalewa, wakawa hawaruki hata ukiwasogelea kwa shibiri moja. Ndiyo maana miaka ile ya tisini kila Jumamosi nilikuwa nimelala pale kifudifudi na kamera ya mtumba.

Hakuna aliyenifundisha. Niligundua mwenyewe kwamba ukiichomoa lenzi, ukaigeuza nyuma mbele na kuishikilia kwa mkono, bawa linajaa kioo kizima, na vumbi lake linaonekana limepangwa kama vigae. Lakini ukipumua tu, mkono unasogea, picha inatoka na ukungu. Nilibana pumzi mpaka masikio yakavuma. Filamu nzima ikisafishwa, nilikuwa naikubali picha moja, na mara nyingi hata hiyo moja siikubali.

"Wenzako wanapiga picha za kipaimara wanalipwa," alisema shangazi. "Wewe unapiga walevi wangu."

Hata hivyo alianza kuyamwaga machicha penye mwanga, kwa ajili yangu. Siku moja alichovya kidole humo, akamnyooshea kipepeo wa buluu. Kipepeo akapanda.

"Piga basi, mwanangu, kabla pombe haijamtoka kichwani. Nami nataka kumwona uso. Macho yangu yananiaga."

Nikapiga. Picha ilipokuja, kipepeo alikuwa na ukungu bawa moja na nusu ya uso. Kilichotoka vizuri ni kidole: nyufa zake, machicha yaliyokaukia ukuchani. Niliona aibu kumwonyesha kazi ya namna ile. Nikaikata vipande pamoja na negativu yake, nikatupa chooni, nikaamua nitampelekea iliyo safi. Wakati ule hata hiyo ya kidole bado angeiona.

Iliyo safi niliipata masika yaliyofuata. Shangazi alikuwa amesharudi kwao Mahenge, macho yamefunikwa na utando. Nikampelekea huko. Aliisogeza picha mpaka puani, akageukia dirishani.

"Naona weupe tu. Ile ya kidoleni iko wapi?"

"Iliungua na mwanga, shangazi," nilidanganya.

"Basi." Akakipapasa kidole chake. "Alinitekenya siku ile, yule mlevi."

Akanirudishia picha. Ninayo mpaka leo. Kipepeo yuko juu ya jani, anaonekana mpaka vinyweleo vya kichwani, na mimi kila nikiitazama natafuta kidole.