Bati la Kaburi la Mogaka

Siku tuliyosimamisha tangi letu la maji, mume wangu Mogaka alikuwa na maringo ya bwana arusi. Kwa miaka mingi alikuwa amewatengenezea watu wa Mogogosiek matangi na gata, ile mifereji ya paa, huku sisi tukikinga mvua kwa sufuria na beseni. Nilimwambia mpaka mdomo ukachoka: mganga hajigangi. Alicheka akaenda kwa kazi za watu. Mwishowe, mwaka huo wa uchaguzi, majani chai yakiwa yametulipa vizuri, alinunua bati laini, lile lisilo na migongo, akaniita nije nishike.

Kazi ya bati haitaki mtu mmoja. Mmoja anakata na kukunja, mwingine anashika upande wa pili, na anayeshika akitikisika mshono unaenda kombo. Mafundi wengine hukunja ukingo mara moja, wanalehemu, wanaondoka. Mogaka alikunja mara mbili, akagonga juu ya kipande cha reli, kisha akapiga vitone vya msumari kando ya mshono, vitatu vitatu, kutoka juu mpaka chini, bila kutoboa. Vitone hivyo havikuwa na kazi yoyote. Nilipomuuliza ni vya nini, alisema ng'ombe ana alama, kwa nini tangi lisiwe nayo.

Baba Chebet, jirani yetu wa ua mmoja, alikuja kusaidia kuliinua. Yeye ni Mkipsigis na sisi ni Wakisii, na kwa muda wote tuliokaa pale jambo hilo lilikuwa la kutaniana tu.

"Fundi, hii tangi ni kubwa sana," alisema. "Kwani nyinyi mnaoga mara ngapi?"

Mogaka alimjibu kwa Kikipsigis, lugha aliyoijua kuliko vijana wengi wa pale, na Baba Chebet akacheka mpaka karibu aliachilie tangi. Mkewe, Mama Chebet, alileta kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, tukanywa tukiwa tumesimama. Mvua ya alasiri ilipokuja, kama inavyokuja siku nyingi katika nchi ya majani chai, sisi watu wazima wanne tulinyamaza kusikiliza maji yakianguka ndani ya tangi. Binti yetu Bosibori aliweka sikio kwenye bati na kutuambia limeanza kujaa.

Kisha uchaguzi ukaharibika.

Sitaeleza siasa. Walioileta wanaieleza vizuri kuliko mimi, na wamelipwa kwa kuieleza. Nitasema tu jinsi ilivyofika kwetu. Mtu aliyekuwa amempa Mogaka kazi ya gata alituma mtu kuchukua mabati yake kabla hayajakatwa, na hakusema kwa nini. Kwenye kituo cha kununulia majani, watu waliokuwa wakinisalimia kwa kelele walianza kunisalimia kwa kichwa. Redio zilisikika kutoka kila nyumba, na ulipopita, mtu alipunguza sauti. Nilimwambia Mogaka tuvuke mpaka wa kuingia Kisii, twende kwa baba yake, tungoje mambo yapoe.

"Mimi nimefunika nusu ya nyumba za hapa," alisema. "Nani atakuja kunifukuza? Wananijua."

Wananijua. Neno hilo linanikasirisha mpaka leo. Si yeye ninayemkasirikia, ni wale waliomfundisha kuliamini.

Walikuja mchana, watu wakiwa mashambani. Kwanza tuliona moshi upande wa kiwandani, mweusi, si ule wa kukausha majani. Kisha tukasikia kelele barabarani.

Walikuwa vijana wengi. Wengine niliwajua kwa sura, wengi sikuwajua. Walikuwa na pinde, mapanga, na petroli ndani ya mitungi ya mafuta ya kupikia.

Mama Chebet alivuka ua akikimbia, bila kitambaa kichwani.

"Mama Bosi, chukua mtoto! Pita kwa majani! Usibebe kitu!"

Mogaka alisema anafungulia ng'ombe, kisha atufuate.

Hakutufuata.

Tuliingia kwenye majani chai kwa magoti. Asiyejua michai hudhani ni bustani. Juu ni laini, lakini chini ni matawi makavu yaliyoshikana, yanayochana ngozi. Mama Chebet alitangulia, akifungua njia kwa mabega yake. Mimi nilikuwa nyuma, mkono wangu juu ya mdomo wa Bosibori.

Mshale ulipita juu yetu. Sikuuona, niliusikia.

Nyuma yetu mabati yalianza kulia kwa moto. Nyumba ikiungua, mabati hupiga kelele yakijikunja, na nilijua kutokana na upande wa kelele kwamba ni yetu. Mtoto aliniuma mkono. Sikuutoa.

Tulitokea kwenye lami, mahali ambapo lori la polisi lilikuwa likipakia watu. Mama Chebet alivua shuka lake, akanifunika, akarudi alikotoka. Hatukuagana.

Mogaka nilimpata mochari. Nitasema tu kwamba majeraha ya mikononi yalikuwa mengi kuliko ya mahali pengine popote. Tulimzika kwa baba yake, ng'ambo ya mpaka, kwa haraka, maana mchungaji alikuwa na maiti wengine wa kuzika siku hiyo hiyo. Na upande wetu pia vijana walikuwa wameanza kuchoma nyumba za Wakipsigis walioishi kati yetu. Sijifanyi sikuona. Niliuona moshi huo nikiwa nimesimama kaburini, na haukunifariji hata kidogo.

Baadaye wakubwa walipeana mikono kwenye televisheni, wakaketi, wakanywa chai. Chai ya wapi? Tuliambiwa yameisha. Siku hizi watu huita wakati ule klashi, yaani kugongana, kama ajali ya magari mawili, na wanaposema juu ya mume wangu husema alipoteza maisha. Alipoteza! Kana kwamba yalimtoka mfukoni akiwa anavuka barabara.

Miaka imepita. Bosibori ana watoto sasa. Mwaka huu shemeji yangu, mdogo wake Mogaka na mzee wa kanisa, alisema ni aibu kaburi la ndugu yake kuwa udongo mtupu. Alikuwa ameona misalaba ya marumaru mjini Kericho, inauzwa ikiwa na maneno tayari. Alikuja kunionyesha picha kwenye simu yake.

"Hii hapa ni safi, shemeji. Angalia. Alilala katika Bwana."

"Hakulala," nilisema. "Mtu halali mchana akifungulia ng'ombe."

"Ni namna ya kusema tu. Ukiandika maneno makali, wajukuu watasoma nini?"

"Watasoma aliuawa."

Aliniangalia kwa subira, ile ya watu wanaomsubiri mjane achoke. Sikuchoka. Nilimwambia bango la kaburi la Mogaka nitalitengeneza mimi, kwa mikono yangu, kwa bati alilolishika yeye. Aliniuliza bati gani, ikiwa kila kitu kiliungua. Nilikuwa nimekwisha kujua. Mama mmoja anayechuma majani huko Mogogosiek aliniambia ibada ilipokwisha, akidhani ananipa habari njema: tangi la Mogaka bado lipo. Liko kwa Baba Chebet, kwenye kona ya nyumba, na wanalitumia.

Shemeji alipoondoka, usiku huo sikulala kwa hasira. Asubuhi nilichukua nyundo, tindo na mkasi wa bati, nikavuka mpaka.

Kiwanja chetu cha zamani kilikuwa kimepandwa miti ya blugamu. Nilikipita bila kusimama. Mama Chebet aliniona kutoka mlangoni, akaja mbio, akanikumbatia akilia na kusema chamgei, chamgei, salamu ya kwao, mara nyingi. Alikuwa amezeeka. Nilimwacha anikumbatie, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kona ya nyumba. Lilikuwa pale. Kutu ilikuwa imepanda kutoka chini, lakini mshono ulikuwa umenyooka, na kando yake vitone, vitatu vitatu.

Baba Chebet alikuwa ameketi kwenye kiti karibu nalo, miguu yake imevimba kwa ugonjwa. Hakuinuka. Alinyoosha mkono, nikaupokea, maana sikulelewa vibaya.

"Nimefuata bati," nilisema.

"Tulikuwekea wewe," alisema Mama Chebet. "Kama hatungebeba, wale vijana wangebeba. Kila mwaka nasema, Mama Bosi atakuja."

"Mliniwekea huku mkinywa?"

Aliangalia chini. "Maji ilikuwa inakuja tu, mama. Tungefanya nini?"

Niliegemeza tindo kando ya mshono.

"Ngoja nitoe maji na ndoo kwanza," alisema. "Ni kiangazi. Huko mtoni kumekauka."

Sikungoja. Nilijua ni kiangazi. Niligonga, na maji yakaruka yakanilowesha kifua na viatu. Niligonga tena chini yake. Maji yalitiririka uani, yakachukua maganda ya mahindi na mavi ya kuku, yakapita chini ya kiti cha Baba Chebet. Nilifurahi. Wasiopenda kusikia hivyo wasisome. Nilifurahi kuona maji yale yakimwagika, na ningekuwa na matangi kumi ningeyatoboa yote.

Baba Chebet hakuinua miguu yake. Maji yalipita juu ya malapa yake.

Nilipoanza kukata kwa mkasi, bati lilitikisika. Mama Chebet alikuja bila kuitwa, akashika upande wa pili. Alishika vizuri. Tulikata hivyo mpaka sauti ya mzee ikatoka nyuma yetu.

"Fundi aliniita."

"Nyamaza, mzee," alisema mkewe.

"Hapana. Amekuja. Wacha nimwambie." Alikohoa. "Wewe na Mama Chebet mlikuwa mmeingia kwa majani. Wakamshika hapo kwa ua. Akapiga nduru. Halafu akaniita na jina yangu, ile ya ukoo. Akaniita na Kikipsigis, ndio nisikie vizuri."

Nilisimama na mkasi mkononi.

Mtu asiye wa huku anaweza asielewe. Kwa Wakisii na kwa Wakipsigis pia, nduru si kelele. Nduru ikipigwa, unatoka. Ukiwa unakula unatoka, ukiwa mgonjwa unatoka na fimbo, ukiwa umegombana na mwenye kupiga unatoka kwanza na ugomvi unangoja. Asiyetoka huulizwa kesho yake mbele ya watu kwa nini hakutoka. Mogaka mwenyewe alikuwa ametoka kwa nduru za Mogogosiek zaidi ya wazawa wengi.

"Ulikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Nyuma ya mlango."

"Ulikuwa na nini mkononi?"

"Panga. Na upinde ilikuwa kwa ukuta."

"Kwa nini hukutoka?"

"Niliogopa."

"Na yeye hakuogopa?"

Mama Chebet alikuwa analia, lakini hakuliachilia bati.

"Ulimwitikia?" nilisema. "Hata kwa sauti tu? Alijua kwamba umemsikia?"

Mzee alitikisa kichwa. Kisha akasema kitu ambacho afadhali angekimeza. "Aliita muda mrefu, mama. Mpaka akaacha."

Nilimaliza kukata. Hakuna aliyenizuia, na mimi sikumgusa mtu. Mama Chebet alilifunga bati kwa gunia ili lisinikate, akanisindikiza hadi barabarani akiwa amelibeba yeye. Tulipofika alisema, "Mimi nimekaa na yeye miaka hii yote na hiyo kitu." Nilimwambia najua. Sikumwambia pole.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Najua kwamba Baba Chebet angetoka, huenda wangemkata na yeye. Huwa wanaanza na mtu wao anayewazuia. Labda Mogaka angekufa vilevile, na Chebet angebaki bila baba kama Bosibori. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi, na ni sahihi, na haipunguzi kitu. Wale vijana walikuja kumuua, na siwatarajii wema. Baba Chebet alikuwa jirani. Ningeweza kuishi nikijua kwamba mume wangu aliuawa na watu wabaya. Sasa ninaishi nikijua kwamba alikufa akimngoja mtu mzuri.

Nilililaza bati juu ya mti laini, nikalinyoosha kwa nyundo. Mshono niliuacha katikati pamoja na vitone vyake. Bosibori alishika upande wa pili. Herufi nilizichora kwa mkaa kwanza, kisha nikazipiga kwa msumari, kitone kwa kitone. Si nzuri. Moja imeinama, na kwenye jina lake nilitoboa kwa kugonga kwa nguvu mno. Nimeiacha hivyo.

Shemeji alikuja siku tuliyolipigilia kwenye nguzo kaburini. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama asomavyo kanisani:

MOGAKA, FUNDI. ALIUAWA MCHANA NYUMBANI KWAKE. ALIPIGA NDURU. HAKUNA ALIYETOKA.

Alivua miwani. "Shemeji, hii si kweli yote. Yule mama wa Kikipsigis alitoka. Alikupitisha kwa majani, wewe na mtoto. Bila yeye tungekuwa na makaburi matatu hapa. Hata yeye utamwandika hivi?"

"Alitoka," nilisema. "Alitoka kwa ajili yangu. Nikifa, andikeni hilo kwenye kaburi langu, kwa herufi kubwa. Hili ni la Mogaka."