Nani Mwingine Anaula?

Enzi zetu sisi tuliokulia Igalula, kutafuta ilikuwa kazi ya woga. Watoto wa siku hizi wanatafuta wakiwa wamejilaza kitandani, kiungo pekee kinachochoka ni kidole gumba. Sisi tulitafuta kwa miguu, porini, baada ya mvua za kwanza, na tulichokuwa tukikitafuta kiliweza kutuua.

Nazungumzia uyoga. Wenzangu wa kando ya reli mnaijua harufu ile: udongo ulioloa baada ya miezi ya vumbi, majani yanayooza chini ya miti ya mitundu, moshi wa jikoni ulioshindwa kupanda kwa unyevu. Mama alitugawia vikapu mimi na mdogo wangu Mwamvita, tukaondoka na watoto wa jirani huku tukiitana kila mara, maana pori lile ukizubaa kidogo tu hujui tena kituo cha treni kiko upande gani. Ilikuwa kama kombolela, ila kwenye kombolela aliyejificha hurudi mwenyewe njaa ikimuuma. Niliogopa nyoka, niliogopa vichaka vyenye giza, na zaidi niliogopa kile kimya cha mwenzangu alipochelewa kuitika.

Nyumbani nako kulikuwa na woga wake, nao ni ungo wa mama. Tukirudi alimwaga uyoga wote kwenye ungo, akaushika mmoja mmoja, na kila mmoja tukaulizwa habari zake. Umeutoa wapi? Chini ya mti gani? Nani mwingine anaula? Hilo la mwisho ndilo lilitutoa jasho. Hakutaka kuambiwa kwamba unaonekana mzuri, wala kwamba unafanana na wa jana. Alitaka jina la mtu na nyumba yake, mtu aliyeula miaka yote na bado tunamwona kisimani akiteka maji. Ukikosa jina, uyoga ule ulitengwa. Wala hakuutupa jalalani. Alichimba shimo nyuma ya jiko akaufukia. "Ukiuacha juu," alikuwa akisema, "mtoto wa mwenzio atadhani umedondoka kwenye kikapu cha mtu anayejua." Uliobaki aliuunga kwa karanga, tukaulia ugali mpaka tukalamba sufuria, na hadi leo sijapata mboga ya kuufikia.

Tulimwona mama mkali bure, mpaka ulipofika mwaka wa kina Zena. Zena alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Kwao walifikiwa na mgeni, ndugu wa baba yake kutoka mbali. Sisi watu wa njia hii ya zamani ya misafara tumezoea wageni tangu enzi za wapagazi. Mgeni hupewa maji ya kunawa, hupewa kiti, na akisema jambo husikilizwa. Mgeni yule alitoka asubuhi akarudi na uyoga mweupe, mzuri, shina limevaa kitu kama pete. Akaapa kwamba kwao hiyo ndiyo mboga ya kumkaribishia mkwe. Na hakuwa mwongo. Kwao ulikuwapo uyoga mweupe wenye pete, na waliula. Huu wa kwetu haukuwa ule.

Walikula mchana, na alfajiri nyumba nzima ilikuwa inatapika. Siku iliyofuata wakapata nafuu. Zena akaja uani kwetu, mnyonge kidogo, akatuigizia mgeni alivyokuwa anakimbilia chooni ameshika msuli kwa mikono miwili, tukacheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba uyoga wa namna ile humwachia mtu kidogo, halafu humrudia. Ukamrudia Sudi, mdogo wake Zena. Macho yake yakawa ya manjano, akaacha kuongea, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa msibani. Zena hakurudi kwenye dawati letu, kwa sababu baada ya matanga familia yake ilihama. Mimi nilibaki na ugonjwa wangu, kwamba nikimwona mtu amepata nafuu, moyo unanienda mbio.

Leo mimi ni mwalimu wa sekondari hapa mjini Tabora, na kazi mojawapo niliyopewa ni kuwafundisha kidato cha tatu namna ya kutafuta habari mtandaoni kwa ajili ya tafiti zao. Mngewaona mngecheka. Yupo aliyeandika kwenye kompyuta swali langu zima, pamoja na yale maneno "alama kumi" ya mwishoni. Yupo anayechukua jibu la juu kabisa, hasogezi hata kidogo aone linalofuata, utadhani yale ya chini ni ya watoto wa jirani. Ukimuuliza amelipata wapi, anakujibu bila wasiwasi, "Mtandao umesema, mwalimu." Nami humuuliza huyo Mtandao ni mjomba wake wa upande gani.

Wao wakicheka, mimi huwa sicheki moyoni. Nawafundisha maswali ya ungo. Nani ameandika? Yuko wapi, na anazungumzia wapi? Nani mwingine anasema hivyo, ambaye hakunakili kwa huyu? Nawaambia pia kwamba mtandao una tabia ya kukupendeza: ukiuliza faida za kitu utaletewa faida, kwa hiyo rudi uulize na madhara yake, kwa maneno mengine, kama mtu anayetaka kukukatalia. Wanaandika vizuri kwenye madaftari, wanaitikia kwa vichwa, kisha wanarudi kwenye jibu la juu kabisa.

Binti yangu Rehema ni mmoja wao. Utafiti wake ulihusu vyakula vya porini, na Jumamosi moja, mvua zikiwa zimeanza, nilimwacha aende Igalula kwa Mwamvita, ambaye ndiye anaishi kwenye nyumba ya wazazi wetu. Nikampa simu yangu ya zamani apigie picha. Mchana nikapokea ujumbe: "Mama, leo mboga nimetafuta mwenyewe. Mama mdogo yuko shambani, akirudi atakuta tayari. Nimehakiki kwanza mtandaoni, inaliwa." Chini yake palikuwa na picha. Nikaivuta ikawa kubwa. Uyoga mweupe, mzuri, shina limevaa pete.

Nilipiga simu, haipatikani; kule mtandao huja na kupotea. Ya Mwamvita nayo iliita mpaka ikakatika, maana shambani haendi na simu. Nilitoka kwangu, mtaa wa Kanyenye, na kandambili za ndani, nikapanda bodaboda ya kwanza iliyosimama. Dereva aliniuliza kama kuna msiba. Nikamjibu, "Bado." Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

Njiani, mkono mmoja umeshika kiti, nikatafuta mtandaoni kwa maneno ambayo mtoto kama Rehema angetumia: uyoga mweupe wenye pete unaliwa. Jibu la juu kabisa lilikuja na picha, na picha ilikuwa ile ile. Maelezo yalikuwa matulivu, yenye uhakika, na jinsi ya kuukaanga. Ningekuwa sijui, ningeamini. Mpaka nilipofika mwisho wa ukurasa ndipo nikaona wanasema uyoga huo uchumwe kabla theluji haijaanza. Nikapiga kelele pale juu ya pikipiki, dereva akadhani nimeanguka.

Nilimkuta Rehema amechuchumaa mlangoni mwa jiko, sufuria mbele yake imefunikwa. Nilimshika mabega. "Umekula?"

"Sijala, mama."

"Hukuonja? Hata chumvi hukuonja?"

"Sikuonja."

Nikamuuliza tena. Nikamuuliza na Mwamvita, aliyekuwa amesimama na jembe mkononi, matope mpaka magotini. Akasema hajala mtu. Ndipo nikakaa chini pale pale kwenye unyevu.

Mwamvita alinieleza. Alirudi mapema kwa sababu ya mvua, akakuta mboga jikoni. "Nikamuuliza, nani mwingine anaula? Akaniambia, watu wa kwenye simu. Nikamwambia, sasa mayu, mwanangu, hao watu wanaishi wapi tukawaulize?"

Rehema alikosa jina la kumtajia. Akarudi kwenye simu, safari hii akaandika neno sumu badala ya neno unaliwa. Ukaja ukurasa mwingine, na juu yake ikakaa picha ile ile, pete ile ile, ila chini yake palisemwa kwamba uyoga wenye sura hiyo umeua watu, na kwamba mtu huonekana amepona kabla haujamrudia. Alisoma mpaka simu ikaisha chaji mkononi.

Akaniangalia kwa macho ya mtoto mdogo. "Mama, ile ya kwanza nayo ilikuwa na uhakika. Nisingeulizwa ningejuaje?"

Nilimpakata kichwa, msichana mkubwa namna ile, nikasikia harufu ya moshi kwenye nywele zake, nikamkumbuka Sudi.

Tulichimba shimo nyuma ya jiko, pale pale alipokuwa akichimba mama. Tukafukia mboga, na sufuria yenyewe Mwamvita akaifukia, akasema hawezi kuipikia tena. Rehema alishindilia udongo kwa miguu mpaka ukalala.

Enzi zetu mambo yaliishia hapo. Uyoga mbaya ulifukiwa, na mtoto wa jirani alipita juu yake bila kujua, akaenda zake kucheza. Jioni ile simu ilipopata chaji nilifungua tena ule ukurasa wa kwanza. Ulikuwa pale pale, juu kabisa, na picha yake nzuri, unamngoja mtoto mwingine aulize kama unaliwa. Nilikaa nao mkononi muda mrefu, na sikupata pa kuufukia.