Mwosha Asiwe wa Kwanza Kukuona

Naikumbuka, mwanangu, ile Ijumaa tuliyokwenda kumsema Mbwana. Naikumbuka kuliko siku niliyonunua lori langu la kwanza, na lori lile nililibusu kwenye taa mbele za watu. Tulikuwa watu watatu, tumetoka kuswali, kanzu zimenyooka, kila mmoja anajiona anakwenda kufanya jambo la kheri.

Mbwana silo jina lake. Jina lake nalisitiri. Mkewe ndiye aliyeniruhusu kusimulia, akaniambia, "Shemeji, sema. Akipatikana mwanamume mmoja akaenda hospitali kwa ajili ya maneno haya, basi itakuwa sadaka ya marehemu." Kwa hiyo nasema, na nitasema wazi, maana mimi shule niliishia darasa la nne, na maneno ya kuzungukazunguka sikufundishwa.

Huyu bwana alikuwa fundi muashi. Nyumba nyingi unazoziona hapa Usagara zimepita mikononi mwake, hii yangu ikiwa mojawapo. Tulianza maisha pamoja Muheza, tukiwauzia abiria machungwa ya kumenya kwenye madirisha ya mabasi. Yeye akaingia kwenye ujenzi, mimi nikaingia kwenye kusafirisha machungwa yenyewe. Hakuna aliyetushika mkono. Tulichokipata tulikipata kwa mgongo, na sioni haya kujisifu kwa hilo. Lakini hapo hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu sisi wanaume tuliojitengeneza wenyewe. Mwili tunaufanya punda. Ukisimama tunauchapa utembee. Hatuuulizi una nini.

Alikuwa jitu. Mfuko wa saruji aliubeba kwapani kama mtu aliyebeba msala. Na msikitini hakukosekana safu ya mbele. Ukifika usimkute, ujue wewe ndiye umewahi mno.

Alipokaribia hamsini mambo yakaanza kubadilika kidogo kidogo. Kwanza akawa hatawadhi nasi pale birikani. Anakuja na udhu wake kutoka nyumbani, miguuni soksi nene, na joto la Tanga unalijua. Tukamtania, "Mbwana, umehamia Lushoto?" Akacheka. Baadaye akawa anaswali safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango. Ijumaa moja hatukumwona, na iliyofuata hatukumwona, mwisho tukaacha hata kugeuka kumtafuta.

Na barazani kwetu mtu asipoonekana hutungiwa habari. Huyu akasema Mbwana ameoa kwa siri Pongwe. Yule akasema amekosana na imamu. Salimu, muuza vipuri vya baiskeli, mtu ambaye mdomo wake hauna breki, ndiye aliyemaliza kazi.

"Mke analala chumbani peke yake," akasema, "mume anatandikiwa ukumbini. Mama watoto wangu kaambiwa na jirani. Hapo pana mwanamke, jamaa zangu. Ukumbini hapalaliwi bure."

Tukacheka mpaka machozi. Wanaume wazima, wengine tuna wajukuu.

Ndipo tukaenda: mimi, Salimu, na mzee mmoja wa kamati ya msikiti. Tulimkuta Mbwana barazani kwake, kakaa mkekani, kaegemea ukuta, miguu kaifunika shuka. Pembeni yake chetezo kinafuka. Mchana kweupe, jua la utosi, mtu anafukiza udi mwingi hata macho yanawasha.

"Lo, bwana harusi!" Salimu akasema, salamu hata haijaitikiwa. "Sasa hata kuficha huoni haja?"

Mbwana akatabasamu. Alikuwa amepungua, shingo imepotea ndani ya kanzu. "Karibuni, kaeni," akasema. "Mwanaidi, waletee maji wageni."

Mzee wa kamati hakusubiri maji. "Wewe ndiye uliyekuwa ukituamsha sisi," akaanza. "Leo mtu mwenye nguvu zako unakaa ndani kama mwari, na adhana inakuita hapo mlangoni? Humwogopi Mungu, Mbwana?"

"Namwogopa."

"Una kinyongo na mtu?"

"Sina."

"Au unaumwa?"

Hapo, mwanangu, mlango ulikuwa wazi. Lilitakiwa neno moja tu. Nilimwona akilitafuta. Akanitazama mimi, si mzee wala Salimu, kisha akaivuta ile shuka ikafunika mpaka vidole.

"Siumwi," akasema. "Ni uvivu tu. Shetani kanishinda. Niombeeni dua."

Salimu akacheka kwa pua. Tukanywa maji, tukaaga, tukaondoka.

Sasa fikiri. Katika mji wetu huu hakuna neno zito kama kumwambia mtu huswali. Na mtu aliyeshika safu ya mbele maisha yake yote alilipokea neno hilo mbele ya wanaume watatu, mbele ya mkewe aliyesimama mlangoni na jagi, akalimeza, akaomba na dua juu yake. Aliona heri aitwe mpotevu kuliko kuitwa mgonjwa.

Haikufika Ijumaa nyingine. Asubuhi simu ikalia, ni Mwanaidi, analia hata maneno hayashikani. Mbwana ameanguka, anatetemeka, anazungumza na mama yake aliyekufa zamani. Nikampakia garini, tukakimbilia hospitali. Daktari akaifunua ile shuka, akaifunika tena, akaniuliza taratibu, "Mzee, huyu alikuwa wapi siku zote hizi?"

Nikasema nyumbani. Alikuwa nyumbani, mtaa wa pili kutoka kwangu.

Alikufa kabla ya alasiri.

Wanawe wa kiume walikuwa bado wako njiani wanatoka Dar es Salaam, kwa hiyo nikaambiwa, wewe ndiye nduguye, ingia ukasaidie kumwosha. Mwosha wa mtaa wetu alikuwa Mzee Mwinjuma, mtu mkavu wa maneno, keshazeeka, mikono yake myepesi kama ya mshonaji kofia. Yeye anaosha, mimi namimina maji.

Sitakueleza yote niliyoyaona. Maiti ana haki yake, na anayemwosha dini imemfunga mdomo. Nakwambia lile tu alilolitaka mkewe lisemwe. Mguu wa kulia, kuanzia vidole mpaka juu ya kifundo, ulikuwa mweusi kama kumbi la nazi lililoozea mvuani. Unyayoni kulikuwa na tundu dogo la msumari. Basi. Soksi, udi, shuka, safu ya nyuma, vyote vilikuwa kwa ajili ya tundu lile.

Nikasimama na kata mkononi, maji hayatoki. "Babu," nikasema, "kwa nini hakusema? Mimi alikuwa ananificha nini, mimi?"

Mzee Mwinjuma hakuinua kichwa. "Mimina maji, Hatibu. Wa kujibu hayo ndiye huyu, na juzi alikuwa na mdomo. Muda wa kuuliza umekwisha."

Nikamimina. Akawa anapitisha kitambaa kidole kwa kidole, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo:

"Nimeosha wanaume wengi wa mji huu. Mabusha yaliyofungwa vitambaa, majipu, vidonda, matumbo yaliyojaa maji. Vingine wake zao hawajapata kuviona. Kila mwanamume anadhani mwili wake hautaonwa na mtu. Utaonwa. Akikataa kumwonesha daktari, atanionesha mimi. Na mimi hapa nina nini? Nina maji, na pamba, na karafuu maiti. Dawa sina."

Nimekemewa na wengi katika maisha yangu, mwanangu. Nimekemewa na matajiri nilipokuwa mchukuzi wao, na askari wa barabarani, na baba yangu mzazi. Hakuna kemeo lililoniingia kama lile, na mzee hata sauti hakupandisha.

Eda ya Mwanaidi ilipokwisha, nilikwenda na mke wangu kumjulia hali. Siku ile ndiyo akatuambia mengine. Kumbe Mbwana alikuwa na sukari kwa muda mrefu, na alishapimwa mara moja huko kwenye zahanati karibu na kazi, akaambiwa, akatoka, akalifunga jambo hilo moyoni. Anaamka kwenda haja, anakunywa maji kama mchanga. Kisha, na hapa nyie vijana mnyamaze msicheke, nguvu zake za kiume zikaondoka. Ndiyo sababu ya kuhamia ukumbini. Hakuwa na mwanamke Pongwe wala popote. Alikuwa anamkimbia mkewe kwa haya. Akanunua mitishamba ya unga kwa wale wauzaji wanaopiga vipaza sauti stendi, akawa anaikoroga kwenye asali, asubuhi na jioni. Mtu wa sukari, anakunywa asali apate nguvu.

Msumari ulimwingia kazini na hakuusikia. Sukari ilikuwa imeshaua hisia za unyayo. Alipovua ndara ndipo akaona damu.

"Nilimbembeleza, shemeji," Mwanaidi akasema. "Akaniambia, ukimwambia mtu yeyote, wewe si mke wangu. Na alikuwa hali chakula, hacheki, mtoto akiangusha kijiko anafoka nyumba nzima. Wakati mwingine namkuta kakaa anatazama ukuta alioujenga mwenyewe. Nikaogopa. Niliogopa talaka, nikapata ujane."

Mke wangu alimshika mkono. Mimi nikainamisha macho, nikatazama nyayo zangu.

Maana nilikuwa najijua. Miezi hiyo hiyo nami nilikuwa nakunywa maji mtungi mzima, macho yananichezea nikiendesha, na nyumbani nimekuwa mkali bila sababu. Nilikuwa nikifika nazima gari, nabaki ndani mbele ya nyumba yangu mwenyewe, sitaki kushuka. Kama hujafika umri huo utaona ni upuuzi. Ukifika utaelewa.

Wiki ile ile nikaenda kupima. Nikamkuta daktari binti mdogo, kavaa hijabu nyeupe.

"Shikamoo, baba. Usiku unaamka kwenda haja ndogo?"

"Marahaba. Mara moja."

Akaweka kalamu chini. "Baba."

"Mara nne. Tano, nikinywa chai."

"Usingizi unapata? Moyo mzito?"

"Mimi nina malori, binti. Mtu wa malori halali."

"Na chumbani, kwa mama, hali ikoje?"

Nikatazama dirishani. Nikamwambia, "We binti, umri wako ni wa mwanangu."

"Si wewe wa kwanza leo kuniambia hivyo, baba. Jibu tu."

Nilikaribia kuinuka. Wallahi nilishashika kofia. Kisha nikaiweka tena mapajani, nikajibu yote, mpaka yale ya kukaa garini. Hakucheka. Akaandika, akanipima, sukari ilikuwa imeingia na presha iko juu. Dawa nameza mpaka leo. Na kila jioni mke wangu ananikagua nyayo kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole, kama anayechagua mchele. Mwanzoni niliona nimedhalilika. Siku hizi asiponikagua namwuliza amekasirikia nini.

Lakini sitakudanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri. Rafiki yangu yuko mchangani na alikuwa na miaka mingi mbele yake. Barazani hatukuwahi kuutaja mguu ule hata siku moja. Wote tunajua, wote tunanyamaza, na wengine naona wameanza kuvaa soksi.

Basi sikiliza mwanangu, wewe uliyefika arobaini, au unayeiona inakuja. Nenda ukapimwe ungali unatembea kwa miguu yako. Usingoje uumwe, maana haya maradhi ya umri wetu huja bila kuuma. Ukiulizwa na daktari, sema kweli, hata kama ni binti mdogo na swali ni la chumbani. Nguvu za kiume zikikupungua, hiyo ni habari mwili unakuletea, kwa hiyo ipeleke hospitali, usiipeleke kwa mwenye kipaza sauti. Moyo ukiwa mzito, ukakuta unabaki ndani ya gari au unaanza kufokea watoto kwa sababu ya kijiko, mtafute mtu umwambie, mke, ndugu, rafiki, mmoja tu anatosha. Na mwenzako akikosekana safu yake, usiende na mahubiri. Nenda peke yako, kaa naye, umwulize anaumwa wapi, na akikwambia haumwi, usinywe maji ukaondoka. Mwambie afunue shuka.

Mwili wako utaonwa, hilo halina hiari. Hiari uliyo nayo ni uonwe na nani kwanza.

Mola akulinde, mwanangu, akuondolee haya inayoua, akupe mke wa kumwambia na rafiki asiyekucheka, na siku watakapokulaza kukuosha, uwe mzee sana, na mwenye kumimina maji asisite hata kidogo. Amin.