Wiki Mbili za Samaki

Mwezi uliopita kwenye ofisi ya pasi hapa Nakuru, mbele yangu alisimama mzee mmoja, mpishi wa wazungu. Alitaka ruhusa ya kwenda Molo. Mkewe alikuwa mgonjwa sana. Karani akasoma kwa sauti barua ya memsahib, bibi wa kizungu aliyemwajiri: "Aende samaki wangu wakishazoea tangi lao jipya."

"Watazoea lini, mzee?"

"Wiki mbili, bwana. Kila asubuhi natoa maji kidogo, naongeza yaliyolala kwenye ndoo."

Akaonyesha kwa mkono anavyomimina polepole, wasishtuke.

Jana nilimwona tena pale pale, ameshika barua nyingine. Samaki wote wako hai. Mkewe amekufa. Memsahib amempa siku mbili za kuzika, kwenda na kurudi.