Kahawa Niliyopewa Njia ya Kaagya

Julai 14. Baridi. Ukungu umetoka ziwani tangu alfajiri na kufunika mji wote wa Bukoba. Saa tatu jua bado halijaonekana.

Hivyo ndivyo nilivyoandika daftarini siku ile. Haya mengine nimeyaandika baadaye, na shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo kama kuna neno limekaa upande, nisamehe. Lakini jambo lenyewe lilitukia. Sikusimuliwa na mtu. Aliyeona ni mimi, na aliyetafuna ni mimi.

Ilikuwa bado enzi za Mwingereza. Nilitoka kwetu Ijumbi, Muleba, kwenda kumwona dada yangu aliyeolewa Kaagya, ambaye alikuwa amejifungua. Nikapitia Bukoba siku mbili kutembea. Nikaitazama meli, nikanunua blanketi la mtoto kwa Mhindi, nikalala Rwamishenye kwa mtu wa kwetu. Asubuhi hiyo nikashika njia ya Kaagya kwa miguu.

Nje ya mji, pale nyumba zinapokwisha, nilimkuta mtu amekaa kando ya njia, amejifunika shuka. Akaniamkia vizuri, akaniuliza niendako.

"Kaagya," nikasema.

"Mimi ni wa huko huko. Tufuatane, waitu. Peke yangu sifiki."

"Unaumwa?"

"Siumwi tena."

Akafungua kifundo cha shuka, akanipa kahawa ya kutafuna, ile tunayochemsha na majani kisha tunaikausha. Sasa sikiliza. Kwetu mwenye kahawa hutafuna kwanza yeye, mgeni akimwona, ndipo ampe. Hata mtoto anajua. Yule hakutafuna, nami niliona kabisa kwamba hakutafuna! Kwa nini basi nilipokea? Aibu tu. Nilidhani nikikataa nitakuwa nimemtukana mtu aliyeniita 'waitu' kwa heshima. Nikatafuna mbili, zilizobaki nikazifunga kwenye leso. Na ukishatafuna kahawa ya mwenzako safarini, humwachi njiani.

Alikuwa mcheshi, niamini. "Ninyi watu wa Muleba," aliniambia, "mnatembea kama mnaogopa kuamsha mawe." Akasema jina lake ni Kamugisha, mama yake yuko hai, wanawe wako ujombani na mama yao, na kaka yake anaitwa Rwiza. Kitu kimoja kilinisumbua. Njia ile ni vumbi jekundu, na kiangazi kile lilikuwa limenipanda hadi magotini. Yeye miguu yake ilikuwa na mchanga mweupe wa ziwani, umeganda mpaka kwenye vifundo, na haukupukutika njia nzima. Nilijiambia labda ni mvuvi. Ningejiambia nini kingine, mchana kweupe?

Alasiri tukafika kwenye kibanja kimoja cha migomba na mibuni. Akasimama mpakani.

"Mimi siingii mpaka niitwe. Waambie nimefika."

Nikapiga hodi. Nilipogeuka kumwonyesha kwa mkono, hakuwapo, na rweya lote lilikuwa wazi, nyasi fupi ambazo hata mbuzi hajifichi.

Mwanamume mnene akatoka ndani na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Hakuniuliza mimi ni nani.

"Amekupa kahawa?" akasema. "Karibu. Wewe ni wa tatu kiangazi hiki. Kunywa upumzike, kisha uende zako."

"Nani amenipa?"

"Ndugu yangu. Alikufa kwa ndui huko mjini, wakamfukia mchangani karibu na ziwa. Ana tabia ya kusumbua wapita njia."

Alisema hivyo kama mtu anayesimulia habari za mbwa wake! Niliogopa, siwezi kukataa, lakini hasira ndiyo iliyonisemesha.

"Mbona hamjamleta nyumbani?"

"Serikali ilikataza, kwa ajili ya ugonjwa."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Na mwaka huu nani anakataza?"

Akacheka. "Muulize muramu wako, nyumba ya tatu pale. Si wewe ndiwe shemeji yake wa Ijumbi, tuliyeambiwa atakuja? Yeye anajua siku zote, wala hapigi kelele."

Hapo nikaelewa. Kwetu mzazi akizikwa kibanjani, kaburi lake huwashikia watoto ardhi, na hakuna wa kuwaondoa. Watoto wa Kamugisha walikuwa ujombani na mama yao, na Rwiza alikuwa akichuma mibuni ya baba yao. Wageni wawili walikwishapewa rubisi hapa, wakanywa, wakanyamaza. Nilimwita mwizi wa wafu. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka, na nyuma yao akatoka bikizee, anapapasa ukuta. Macho yake yalikuwa yamefifia.

"Nani anamtaja mwanangu?"

"Mama, ni mgeni amelewa," akasema Rwiza.

"Kibuyu bado kimejaa, mama," nikasema. "Sijakigusa." Nikamwekea ile leso mkononi.

Akanusa. Kila nyumba ina majani yake ya kuchemshia kahawa, na mama haisahau yake. Akakaa chini palepale.

"Hii niliichemsha mimi. Nilimfungia asubuhi aliyokwenda mjini. Yuko wapi?"

Nikampeleka mpakani. Akasema, kwa sauti ya kumwita mtu aliyechelewa kula, "Kamugisha, ingia mwanangu." Sikuona kitu. Kisha akageuka. "Rwiza, chukua jembe. Kesho unakwenda ziwani."

Alikwenda, na majirani wanne. Siku ya tatu Kamugisha alizikwa kati ya migomba yake, na watoto wake wakarudishwa. Nimtendee haki Rwiza: katazo lilikuwapo kweli, na ni yeye aliyemlisha mama yake miaka yote. Mchungaji wetu anasema nilikuwa na homa. Huenda. Lakini tangu hapo kila Julai kiganja kilichopokea ile kahawa hufa ganzi, kalamu haishikiki, na daftari zangu zote mwezi huo ni karatasi tupu.

Wewe unayesoma, usitafune kahawa ambayo mwenyewe hajaitafuna. Na ukiwa umekwisha kuitafuna, basi usikubali kunyamazishwa kwa kibuyu.

Siku ile nilifika kwa dada jua linazama. Nikamuuliza muramu kwa nini alinyamaza.

"Ningesema nini? Mashamba yetu yanapakana."

Nikampa dada blanketi la mtoto. Tulikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, muramu ametugeuzia mgongo, na dada akanipakulia samaki wote waliokuwa chunguni, pamoja na kipande cha mumewe.