Firigisi ya Padri

Wenzangu, Wakatoliki wa Kabuchai wakiwauliza nani anaweza kuhudumia wageni, tafadhali msinitaje.

Jumapili jumuiya yetu ya Kitale ilienda kuwatembelea wenzetu huko, pamoja na padri wetu mpya. Tukaandaliwa chakula kwa Mzee Wafula. Mimi, mtu wa kujitolea hata bila kuombwa, nikajipa kazi ya kubeba bakuli kutoka jikoni.

Njiani nikafunua bakuli la jogoo. Juu ya mapaja yote ilikaa firigisi! Mimi niliyezoea kuku wa hoteli nikaona aibu. Ati padri apewe vitu vya tumboni? Nikaamua kuokoa heshima ya nyumba ile. Sikuona pa kuitupa, nikaitia mdomoni.

Bakuli likafika mezani. Mzee Wafula akasimama, akavua kofia.

"Padri, hapa kwetu mgeni wa heshima ndiye hupewa firigisi. Asipoipata, hajakaribishwa."

Akachovya kijiko. Akazungusha. Akazungusha tena.

"Mama, firigisi iko wapi?"

"Si nimeiweka juu kabisa!" mkewe akajibu kutoka jikoni.

Nyumba nzima ikanigeukia. Padri akauliza kwa upole, "Karanja, si wewe umeleta bakuli? Hukuiona?"

Nilitaka sana kukana, kama Petro. Lakini Petro alikana kwanza, ndipo jogoo akawika. Mimi jogoo wangu bado nilikuwa namtafuna.