Ukuta wa Baba Mkwe

Mtu akitaka sebule yake ivikwe mbao, mtaani watamtajia Mama Randa kabla hajamaliza kuuliza. Amevika kuta za hoteli, za zahanati, za mabwana wenye nyumba mbili mbili, na mkono wake haujawahi kutetereka. Mteja mmoja tu alimshinda miaka yote: mama mkwe wake. Bibi huyo aliuona useremala wa mkaza mwana wake kama utundu utakaopita, na hata stuli ikivunjika mguu aliipeleka kwa fundi mwingine.

Basi bibi alipomtuma wifi kuja kumwita Mama Randa, avike mbao ukuta wa sebule, ule uliojengwa na marehemu baba mkwe kwa mikono yake, usingizi ulimruka mkaza mwana kwa furaha. Akiharibu hapa, ndiyo basi tena.

Akashusha timazi, ile kamba ya kupimia wima, akapigilia mbao za kusimama, zimenyooka sawasawa. Kurudi nyuma atazame, lahaula! Mbao zimenyooka, nyumba ndiyo imepinda. Dari linashuka kuelekea dirishani, kona nayo imelala, na kazi yake safi inamuumbua marehemu mchana kweupe. Wifi naye, mdomo hauna breki, akauliza mbona mbao zimekwenda mrama. Bibi alikuwa kitini, anatazama tu.

Angeweza kujitetea. Lakini jamani, utamwambiaje mjane kwamba mumewe alijenga upogo?

"Nimekosea mimi, Mama," akasema. "Nazing'oa."

Akazing'oa zote. Timazi akaitia mfukoni, kisha akapunguza kila ubao upande mmoja kwa randa, kidogo kidogo, akazirudisha ukutani, mpindo wa nyumba ukagawanyika kwenye mbao zote hadi jicho likakosa pa kushika. Wapo mafundi wangeuita udanganyifu. Yeye alijua anachofanya, wala hakuharakisha.

Jioni bibi akapitisha kiganja ukutani, akamtuma wifi jikoni.

"Ukuta huu ulipinda tangu siku ya kwanza," akasema taratibu. "Nilimwambia marehemu, akaninunia mwezi mzima. Wewe umeona, ukajitwika kosa lisilo lako."

Mama Randa akaanza kukusanya zana zake.

"Chumbani kwangu kumepinda zaidi," bibi akaendelea, akimkabidhi ufunguo. "Kesho uje mapema."